Gari Lisilotoka

Na ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye runinga zao na wale wanaochungulia za jirani dirishani, ya kwamba kipindi cha Bahati Ikibisha Hodi ndicho kipindi pekee chini ya jua kinachotoa gari zima, jipya, jekundu, lenye milango minne, kwa mwananchi yeyote mwenye akili timamu na mkono wa bahati.

Hayo aliyasema Mkurugenzi wa kituo, Jumatano asubuhi, akiwa amesimama na kiganja kifuani mbele ya umati wa watu watatu. Mmoja alikuwa fundi taa, naye alikuwa amelala. Wa pili alikuwa Mtangazaji, aliyekuwa akikata kucha chini ya meza akidhani haonekani. Wa tatu alikuwa Shangazi, mtunza stoo ya zawadi, aliyekuwa amevua kiatu kimoja ili vidole vipate hewa. Iongezwe pia, kwa ajili ya wapenda ukweli, kwamba gari hilo jipya lilikuwa na umri wa miaka mitatu, na kwamba katika miaka hiyo mitatu halijawahi kutolewa kwa kiumbe yeyote.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu hata mmoja pale kituoni. Jina alilipata kwa umri na kwa kufoka. Miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza stoo ile. Alianza enzi za ndoo, akapita enzi za pasi na chupa za chai, na sasa alikuwa katika enzi ya gari, iliyomchosha kuliko zote, maana ndoo haipanguswi vumbi kila siku, na pasi haidai kuwashwa kila Ijumaa ili betri isife. Alibakiza miezi minne astaafu. Hakutaka makubwa. Alitaka kutoka pale kichwa juu, jina lake likiwa safi, bila mtu kumwuliza swali lolote.

"Haya," Mkurugenzi akaketi, "watazamaji wanatukimbia. Nani ana wazo?"

"Mimi ninalo," akasema Mtangazaji, akaficha mkasi wa kucha. "Gari tuliondoe. Turudishe zawadi ndogondogo. Kila wiki washindi kumi, kumi na tano. Blanketi, redio, sufuria."

"Sufuria!" Mkurugenzi alilitamka neno hilo kama jina la ugonjwa. "Nani atakaa kitako saa nzima aangalie sufuria?"

"Atakayeipata, bosi. Na jirani yake anayepanga kuiazima."

"Watu wanataka ndoto kubwa."

"Ndoto gani isiyokucha? Kila Jumamosi, miaka mitatu, mimi ni 'pole sana, pole sana.' Juzi nilikwenda msibani. Nikamshika mfiwa mkono, nikamwambia pole sana. Mtoto wake akauliza, 'Mama, na sisi tumekosa gari?'"

Fundi taa aliamka kwa kicheko, akakigeuza kikohozi.

"Na wewe fundi, wasemaje?"

"Mimi ni mtu wa taa, bosi. Gari linang'aa vizuri. Ila na sufuria nayo, ikisuguliwa na mtu anayeijua kazi..." Akaliacha hapo, akafumba tena macho.

"Shangazi?"

Shangazi hakuharakisha kujibu. Siku hizi hakuharakisha lolote.

"Sufuria," akasema.

Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyesalitiwa na mama yake mzazi. "Wewe? Si wewe uliyeniambia gari ndiyo heshima ya kituo?"

"Heshima imenivimbisha miguu, mwanangu. Toa sufuria. Aliyepata sufuria hupika. Aliyekosa gari hurudi kwao kwa miguu, na njiani anasema na ukuta."

Wakacheka wote. Lilikuwa jibu zuri, na halikuwa la kweli. Jibu la kweli lilikuwa mfukoni mwa aproni yake, limefungwa ndani ya leso.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mshiriki aliulizwa maswali matano. Akiyapata yote, jambo lililotokea kama mara moja kwa mwezi, aliletewa bakuli la kioo lenye funguo kumi zinazofanana kama mayai. Achague mmoja, akae kwenye usukani, ajaribu. Mmoja tu kati ya kumi ndio uliowasha. Mwaka wa kwanza watu kumi na mmoja walifika kwenye bakuli, na wote kumi na mmoja walikosa kihalali, kama Mungu na hesabu walivyotaka.

Kisha ukaja msumeno. Studio ile zamani ilikuwa ghala, na upande mmoja ilikuwa na lango pana ambalo lori liliweza kupita likipunga mikono. Ndipo gari lilipoingilia. Lakini ng'ambo ya lango palikuwa na karakana ya seremala, na kila Mtangazaji aliposema "kimya, tafadhali," msumeno ulijibu. Mkurugenzi akaagiza lango lizibwe kwa ukuta mnene wa kuzuia sauti, wenye mlango mmoja. Mwashi akaja na karatasi ya vipimo. Kwa kuwa Shangazi ndiye aliyewajibika kwa vilivyomo ndani, alitakiwa atie sahihi.

"Na gari je, mama?" mwashi aliuliza.

"Jengeni tu, mwanangu," Shangazi alimjibu, akicheka. "Nani atalishinda?"

Mkurugenzi naye alitia sahihi, akiwa mbioni, simu sikioni.

Wiki moja baada ya rangi kukauka, Shangazi alichukua utepe wa kupimia, kwa kujifurahisha tu. Gari lilikuwa na upana wa mita moja na sentimita sabini. Mlango ulikuwa mita moja na sentimita ishirini. Akapima tena akiwa amevuta tumbo ndani, labda gari lingemwiga. Halikumwiga.

Jumamosi ile ile mama mmoja wa mapacha alijibu maswali yote matano. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia akiandaa bakuli. Mkono wake ukatoa ufunguo wa kweli, ukatia mwingine wa bandia uliobaki kwa mchonga funguo. Mara hii tu, alijiambia, mpaka nipate namna ya kumweleza bosi. Lakini "mara hii tu" ina uzazi mwepesi. Miaka miwili ilipita. Watu ishirini na wanne walitia mikono kwenye bakuli lisilokuwa na kitu, na Shangazi aliwakumbuka wote: mama wa mapacha, kinyozi aliyekuwa akitetemeka, bwana harusi aliyemwahidi mchumba wake kabla ya kuja, mwalimu wa jiografia aliyewaombea wenzake wote badala ya kujiombea mwenyewe. Jumapili hakwenda popote. Alilala chali akitazama dari.

"Nimewasikia," Mkurugenzi akapiga meza, na fundi taa akafumbua macho kwa mara ya pili. "Mnabishana kubwa au ndogo, ghali au nyingi. Shida yetu siyo hiyo. Shida ni kwamba watu hawajawahi kuliona likitoka. Basi Jumamosi hii litatoka. Atakayejibu maswali hatachagua ufunguo mmoja. Atajaribu zote kumi, hewani, taifa zima likimtazama, mpaka liwake. Baada ya hapo leteni hizo sufuria zenu."

Mtangazaji alisimama, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Hatimaye nitasema hongera! Nikumbusheni, neno lenyewe linaanzaje?"

Shangazi alikuwa akikitafuta kiatu chake kwa vidole vya mguu. Hakukiona.

Alhamisi alikwenda kwa mwashi. Alimkuta amekaa juu ya rundo la matofali, akinywa chai.

"Ukuta ule una mbao, mama, una pamba, una bati mbili, halafu tofali. Kuubomoa ni siku tano. Na sahihi ya bosi."

"Kwa siku moja je?"

"Kwa siku moja naweza kuutukana tu."

Ijumaa aliwasha gari kama kawaida yake, akasikiliza injini ikinguruma bila dhambi yoyote, akawaza. Akiurudisha ufunguo bakulini, gari litawaka, mshindi atakamata usukani, ataendesha hatua thelathini kwa shangwe, na ataugonga ukuta mbele ya taifa. Asipourudisha, funguo kumi zitagoma, na itabidi mtu alaumiwe. Au kitu. Betri, kwa mfano. Betri haina kinywa, wala haina mjomba wa kuja kuitetea. Kichwa kilikuwa kizito mno kutafuta njia ya tatu. Akachagua betri.

Jumamosi studio ilijaa. Mshiriki wa kwanza aliangukia swali la pili, wa pili aliangukia la nne. Wa tatu alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Binti yake alikaa mstari wa mbele na kumwashiria afunge kifungo cha juu.

"Mzee wangu, karibu. Kazi yako?" Mtangazaji akamwuliza.

"Nimestaafu, mwanangu. Nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Miaka thelathini na moja."

"Na gari lako mwenyewe?"

"Hii miguu. Haijawahi kuniharibikia njiani, ila sasa imeanza kulalamika kwenye vilima."

Watu wakacheka. Mtangazaji, ambaye bado alikuwa na kesi yake ya sufuria moyoni, akaona amepata shahidi. "Tuambie basi, mzee. Kipindi kama hiki kitoe kitu kimoja cha thamani kubwa, au vidogo vingi watu wengi wapate?"

Dereva alifikiri. "Mgonjwa akipiga simu, mwanangu, haulizi gari letu ni kubwa kiasi gani. Anauliza kama linakuja. Kikubwa, kidogo, mtajua wenyewe. Mimi nataka kinachotoka."

Studio ilipiga makofi. Nyuma ya pazia, Shangazi alitafuta pa kukaa. Palikuwa na ndoo tu. Akaigeuza, akakaa.

Dereva akajibu la kwanza, la pili, la tatu bila kupepesa. La nne alilifikiria kidogo. La tano lilihusu mito na urefu wake, na alilijibu akiwa amefumba macho, kana kwamba alikuwa anavuka daraja moja baada ya jingine akitafuta lililo sahihi. Alipolipata, binti yake alipiga kelele iliyomfanya fundi taa adondoshe kitambaa. Mtangazaji akatangaza habari ya funguo zote kumi kwa sauti ya mtu anayefungua bunge. Watu wakasimama. Bakuli likaletwa.

Dereva akafungua mlango wa gari, akakaa, akaushika usukani kwa mikono miwili. Kisha akaanza.

"Wa kwanza!" umati ukahesabu. Haukuzunguka.

"Wa pili! Wa tatu!"

Kufika wa sita, kuhesabu kulikuwa kumeshapungua, kama wimbo ambao watu hawajui ubeti wake unaofuata. Wa saba, Mtangazaji alikuwa akijipangusa shingo. Wa nane. Wa tisa ulihesabiwa na binti yake peke yake. Dereva hakuonyesha wasiwasi. Aliingiza kila ufunguo taratibu na kuutoa taratibu, kama nesi anayempima mtoto homa.

Wa kumi haukuzunguka.

Hata msumeno wa jirani haukusikika, maana ukuta ulikuwa unafanya kazi yake barabara.

"Betri!" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Betri imekufa! Si kosa la mtu, ni betri!"

Dereva aligeuza kichwa. "Nani huyo?"

"Ni Shangazi," Mtangazaji alisema. "Mtunza stoo wetu."

"Mwambie aje, tafadhali."

Shangazi alitoka. Miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi hatua kumi kutoka kwenye taa zile, na hakuwahi kusimama chini yake. Zilikuwa kali kuliko alivyodhani. "Betri imekufa," akarudia, lakini mara hii ilitoka kama swali.

"Dada yangu," Dereva alisema, akashuka garini, "nilipofungua mlango, taa ya ndani iliwaka. Hiyo moja. Ya pili, hata kama betri ingekuwa imekufa na kuzikwa, betri haizuii ufunguo kuzunguka. Ufunguo wa kweli ungezunguka, halafu kukawa kimya. Hizi hazizunguki kabisa. Hapa hakuna hata mmoja wa gari hili." Akazunguka nyuma, akainama kwa shida, akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakitoa. Kilikuwa cheusi. Akakiinua, na kamera ikakifuata. "Na gari linawashwa. Masizi haya ni ya jana. Kwa hiyo ufunguo upo, na anao mtu anayeliwasha."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu aliyewahi kusimama kwenye milango mingi ya watu na habari mbaya mdomoni, na anajua kwamba hazifupishwi kwa kuzungushwa.

Mkurugenzi akasogea mbele kutoka kando ya kamera. "Shangazi? Si wewe unayeliwasha kila Ijumaa?"

Angeweza kukana. Angeweza kuzimia, na fundi taa angemsaidia kwa kuzima taa, maana alikuwa mtu wa kujitolea. Lakini kuzimia kunataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa leso, akaifungua kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa la zamani. Ufunguo ulikuwa umechakaa, haung'ai kama zile kumi. Akauweka kwenye kiganja cha Dereva.

"Ni mimi," akasema. "Niliutoa. Miaka miwili sasa. Watu ishirini na wanne, na wewe mzee ni wa ishirini na tano. Bosi hakujua. Mtangazaji hakujua. Pole zote zile alizowapa alizitoa kwa moyo safi."

"Kwa nini?" Mkurugenzi alipiga kelele. "Kwa nini, Shangazi?"

"Kwa sababu halipiti mlangoni, mwanangu."

Watu wote wakageuka kuutazama mlango. Kamera zikageuka. Mkurugenzi, aliyeupita mlango ule mara nne kwa siku kwa miaka miwili, aliutazama kama mtu aliyeonyeshwa uso wake kwa mara ya kwanza. Fundi taa, kwa nia njema kabisa, akaumulika. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Waliniuliza," Shangazi akaendelea. "Mwashi aliniuliza, na gari je? Nikamwambia jengeni tu, nani atalishinda. Bosi, wewe ulisaini bila kusoma, lakini mimi nilisoma."



Dereva aliutazama ufunguo, akautazama ukuta. "Ukuta hubomolewa, dada yangu. Ungesema wiki ya kwanza, wiki ya tatu watu wangekuwa wanapita na ng'ombe. Kwa nini ukanyamaza?"

Jibu la swali hilo Shangazi alikuwa nalo tayari, amelifanyia mazoezi Jumapili nyingi akitazama dari: hofu, umri, miezi minne iliyobaki, na kwamba yeye ni mjane asiye na pa kukimbilia. Lote lilikuwa la kweli, na umati ungelielewa. Alikwisha kuvuta pumzi aliseme. Lakini Dereva hakuwa akimtazama yeye tena. Alikuwa amechungulia ndani ya gari, upande wa dereva, na anatazama kiti.

"Kiti hiki kimelazwa nyuma," akasema polepole. "Hakuna anayeendesha akiwa amelala hivi. Na hapa pa kuegemea kichwa pamebonyea." Akageuka. "Dada, nani hupumzika humu?"

Shangazi aliitoa ile pumzi, akaliacha lile jibu la mazoezi. Alimtazama binti wa mzee kule mbele, aliyekuwa bado amesimama, mikono mdomoni. Akamtazama Mkurugenzi. Akaona hakuna aliyebaki wa kumficha.

"Mimi," akasema. "Ijumaa nawasha dakika tano, nazima, nalaza kiti. Mwanzo ilikuwa robo saa. Siku hizi ni mpaka saa ya kufunga. Jengo zima hili halina kiti kingine kisichoniuma mgongo, mzee wangu, nimevijaribu vyote, hata cha bosi. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa kuogopa, hilo ni kweli. Mwaka wa pili sikuwa naogopa tena. Mwaka wa pili nilinyamaza kwa sababu sikutaka mtu alichukue."